Jiji kubwa au mji wa kati? Kabla ya kuhama, hesabu cha pili

Wengi wanaopima kama wahame kutoka jiji kubwa kwenda mji wa kati huanza kwa kuuliza huo mji una nini. Una hospitali? Ipo. Shule nzuri? Ipo. Kazi? Nimeshaitwa. Uwanja wa ndege? Upo, tena hauna foleni. Basi, mizigo inafungwa. Sisi tulifanya hivyo hivyo, na huu ni mwaka wetu wa tatu. Sijuti, ila swali tulilouliza lilikuwa nusu. Nusu iliyobaki ni hii: hicho kimoja kikiharibika, cha pili kiko wapi?

Jijini hulioni swali hilo, kwa sababu jiji limejaa vya pili. Ukigombana na bosi, kuna ofisi nyingine ng'ambo ya barabara. Daktari asipokuelewa, unakwenda kwa mwingine. Unalipia utajiri huo kila siku kwa pango na foleni, na hata huujui jina. Mji wa kati unakurudishia pesa na muda kwa kukuondolea vya pili. Ulinganisho wote uliomo humu unakaa juu ya biashara hiyo moja: unapewa nini, na unatoa cha pili kipi.

Mji wa kati ni upi hasa

OECD, shirika la nchi tajiri la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, huita mji wa kati ule wenye watu 200,000 hadi 500,000, ukihesabu na vitongoji ambavyo watu wake hufanya kazi mjini. Si jambo la pembeni. Umoja wa Mataifa mwaka 2018 ulionyesha kwamba karibu nusu ya wakazi wa mijini duniani wanaishi kwenye miji isiyofika watu 500,000, wakati majiji 33 yenye zaidi ya watu milioni 10 yalikuwa na mmoja tu kati ya kila wanane.

Lakini idadi ya watu peke yake inadanganya. Mji wa watu 300,000 ulio mwendo wa saa moja kutoka jiji kubwa, wenye treni kila nusu saa, unaazima vya pili kutoka kwa jirani yake. Mji wa watu hao hao ulio peke yake, saa sita kutoka jiji lolote, hauna pa kuazima. Ukiambiwa "miji ya kati ni mizuri", uliza kwanza ni ya aina gani kati ya hizo mbili. Mimi ningehamia mji mdogo wenye jirani mkubwa kabla ya kuhamia mji mkubwa kidogo ulio mpweke.

Muda barabarani

Hapa mji wa kati unashinda waziwazi, na hesabu yake ni rahisi. Tuseme jijini unatumia saa moja na dakika 20 kwenda kazini, na muda kama huo kurudi. Mjini ni dakika 25. Tofauti ni dakika 55 kila upande, yaani dakika 110 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi unapata dakika 2,420, ambazo ni zaidi ya saa 40. Kila mwezi unarudishiwa wiki nzima ya kazi.

Faida hiyo si ya saa tu. Wachumi Bruno Frey na Alois Stutzer walichunguza takwimu za Ujerumani wakakuta kwamba wenye safari ndefu za kazini wanaridhika na maisha yao kidogo kuliko wengine, hata ingawa nadharia inasema mshahara au nyumba nzuri vingepaswa kuwafidia. Watu hukubali safari ndefu kwa ajili ya nyumba kubwa. Nyumba wanaizoea baada ya miezi michache, foleni hawaizoei.

Kuna mtego, nami niliuingia mguu mmoja. Mwanasayansi Cesare Marchetti aliandika mwaka 1994 kwamba watu wa mahali na zama mbalimbali huelekea kutumia kama saa moja kwa siku safarini. Njia zikiwa nyepesi, hawapunguzi muda, wanasogea mbali. Ukifika mji wa kati dalali atakuonyesha nyumba yenye uwanja, nje kidogo ya mji, "dakika 35 tu". Dakika 35 kwa mtu aliyetoka jijini ni kama kuvuka ua. Kumbe ndiyo sehemu ya zile saa zako 40 unairudisha dukani kabla hujaifungua. Tuliikataa nyumba hiyo kwa sababu ya mtoto kuumwa siku ya kwenda kutia saini, si kwa hekima.

Pesa

Usilinganishe pango na pango. Linganisha kinachobaki. Chukua pato lako la jijini liwe 100, halafu weka namba zako mwenyewe mahali pa hizi za mfano:

| | Jiji | Mji wa kati, bila gari | Mji wa kati, na gari |
|---|---|---|---|
| Pato | 100 | 85 | 85 |
| Pango | 36 | 20 | 20 |
| Usafiri | 10 | 6 | 17 |
| Kinachobaki | 54 | 59 | 48 |

Tazama safu mbili za mwisho. Mshahara umeshuka kwa 15 na bado mtu asiye na gari ametoka na faida. Akilazimika kununua gari, faida yote imeliwa na zaidi. Kwa hiyo swali la kwanza la pesa katika mji wa kati si bei ya nyumba, ni kama utaweza kuishi bila gari la pili, au bila gari kabisa. Mabasi ya mji wa kati mara nyingi ni mazuri mchana na hayapo saa tatu usiku.

Kingine kisichoonekana kwenye jedwali: mchango wa pensheni hukatwa kama asilimia ya mshahara, na nyongeza za baadaye huhesabiwa juu ya ule mshahara mdogo. Mwenye miaka 27 atalisikia hilo zaidi kuliko mwenye miaka 50.

Kazi

Hapa ndipo ningekuomba ukae muda mrefu, kwa sababu kazi ya kwanza ndiyo inayowahamisha watu na kazi ya pili ndiyo inayowatesa.

Jiji kubwa lina faida ambayo si hadithi ya vijiweni. Mwaka 2007 Luís Bettencourt, Geoffrey West na wenzao walichapisha uchunguzi wa miji ya Marekani, Ulaya na China: idadi ya watu ikiongezeka mara mbili, mishahara na uvumbuzi kwa kila mtu huelekea kupanda kwa takriban asilimia 15. Uhalifu nao hupanda hivyo hivyo, ili usije ukadhani jiji hugawa mema peke yake. Sababu ni kukutana. Watu wengi wakiwa karibu, kila mmoja anakutana na wengi zaidi, wa heri na wa shari.

Matokeo yaliyonigusa zaidi ni ya Jorge De la Roca na Diego Puga, waliofuatilia wafanyakazi wa Hispania na kuchapisha mwaka 2017. Walikuta kwamba uzoefu unaopatikana kwenye majiji makubwa una thamani kubwa zaidi kuliko ule wa miji midogo, na mtu anapoondoka anaondoka nao. Haumdondoki njiani. Kwa mtu anayesitasita, maana yake ni kwamba mpangilio wa miaka una uzito. Kuanza jijini, ukajifunza kwa miaka saba au kumi, kisha ukahamia mji wa kati na ujuzi wako, ni njia yenye faida kuliko kuanza mji wa kati ukitumaini kuja kuhamia jijini baadaye. Kwa kijana wa mwaka wa pili kazini ambaye fani yake inabadilika haraka, ningemwambia abaki kwenye foleni kwa sasa. Hatanipenda kwa hilo.

Halafu kuna wawili. Wanauchumi Dora Costa na Matthew Kahn walionyesha mwaka 2000 kwamba ndoa ambazo mume na mke wote ni wahitimu wa vyuo zilizidi kujikusanya kwenye majiji makubwa ya Marekani kati ya 1940 na 1990, na sehemu kubwa ya sababu ilikuwa ugumu wa kupata kazi mbili za kisomi mahali pamoja. Mimi nilikuwa nimeshaitwa kazini. Mwenzangu ni mkadiriaji majenzi. Jioni moja alichukua daftari, akachora mstari katikati ya ukurasa, upande wa kushoto akaandika kampuni za jijini ambazo angeweza kuomba kazi kesho yake. Alifika 14 bila kuinua kichwa. Upande wa kulia akaandika za mji tuliotaka kwenda. Moja. Akafikiri. Mbili. Kisha akakumbuka kwamba mmiliki wa hiyo ya pili ni shemeji wa mmiliki wa ile ya kwanza, akaweka kalamu chini. "Hii ni moja," akasema. "Nikigombana na mmoja, nimegombana na wote mezani kwao."

Fanya zoezi hilo kabla ya jingine lolote. Usiandike nafasi zilizotangazwa, andika waajiri wangapi wanaweza kukuajiri wewe, na wangapi wanaweza kumwajiri mwenzako, wasiokuwa ndugu.

Ukishaandika, tazama kama mji mzima una mwajiri mmoja. Rochester, katika jimbo la New York, ulikuwa mji wa Kodak. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni hiyo ilikuwa na wafanyakazi kama 60,000 hapo, katika mji ambao wenyewe haukufika watu 250,000. Filamu za picha zikafa, na Januari 2012 Kodak ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Eindhoven, Uholanzi, ulikuwa mji wa Philips tangu 1891. Nao ulipigwa: miaka ya mwanzo ya 1990 Philips ilipunguza watu, DAF ya malori ikafilisika mwaka 1993, na mwishoni mwa muongo huo makao makuu ya Philips yakahamia Amsterdam. Lakini Eindhoven ulikuwa umeshapata cha pili bila kujua: mwaka 1984 Philips ilikuwa imeshirikiana kuanzisha kampuni ndogo ya mashine za kutengenezea chipu za kompyuta, ASML. Leo hiyo, ikiwa Veldhoven pale pale jirani, ndiyo inayovuta wahandisi kutoka kila bara. Tofauti ya miji hiyo miwili usingeiona kwa kutembelea barabara zake mwaka 1984. Yote miwili ilikuwa safi, yenye kazi, na watu wake walijiona wako salama.

Na wewe unayefanya kazi kwa intaneti ukiwa nyumbani? Umebeba jiji mfukoni, hongera. Cha pili chako ni mambo mawili: kampuni ya pili ya intaneti inayofika mtaa huo huo, si mji huo tu, na mwajiri wa pili atakayekubali ubaki huko, yule wa kwanza akibadilisha mawazo na kutaka watu ofisini.

Hospitali

Kwa ugonjwa wa kawaida mji wa kati mara nyingi ni bora. Kuvunjika mkono, kujifungua salama, homa ya mtoto usiku: unafika haraka, unahudumiwa na watu wasiochoka sana. Kwa kiharusi kinacholetwa na damu iliyoganda, dawa ya kuiyeyusha hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na ambulensi isiyokwama barabarani ni nusu ya tiba. Nusu ya pili ni kama hospitali hiyo ina kipimo cha picha ya ubongo na mtu wa kukisoma usiku.

Kwa ugonjwa adimu mambo hugeuka. Mwanajiografia Walter Christaller alieleza mwaka 1933 kwa nini: kila huduma inahitaji idadi fulani ya watu ili isimame. Watu elfu chache wanatosha kumlisha daktari wa kawaida. Bingwa wa upasuaji wa moyo wa watoto anahitaji mamilioni, la sivyo atakaa bila kazi. Na akikaa bila kazi, mkono wake hupoa. Tangu utafiti wa Luft, Bunker na Enthoven wa mwaka 1979 imejulikana kwamba kwa upasuaji mgumu, hospitali zinazofanya mwingi huwa na vifo vichache kuliko zinazofanya mmoja mmoja. Kwa hiyo hata mji wa kati ukijitutumua kuwa na huduma hiyo, huenda si pale pa kuifanyia.

Mtoto wetu ana tatizo la sikio. Mji wetu ulikuwa na daktari bingwa mmoja wa masikio, na alikuwa hodari kuliko wa jijini. Miadi ilipatikana wiki ile ile, na alimjua mtoto kwa jina. Mwezi wa saba tulifika tukakuta karatasi imebandikwa mlangoni, imeandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu: huduma imesitishwa, daktari amehama. Kona moja ya karatasi ilikuwa imeachia, inapepea kila mtu anapopita. Mtoto akaisoma kwa sauti, maana ndiyo kwanza amejua kusoma na husoma kila kitu. Tangu siku hiyo sikio hilo ni safari ya basi ya mwendo wa saa tano, mara moja kila baada ya miezi mitatu.

Ukiweka safari hiyo kwenye ile hesabu ya saa 40 za mwezi, bado tuko mbele sana. Ila sikio si moyo wala figo. Mwenye mtu nyumbani anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki asiangalie kama mashine ipo. Aulize zipo ngapi, na siku moja ikiharibika wagonjwa wanapelekwa wapi. Jibu likiwa kigugumizi, asihame.

Shule na safari, kwa ufupi

Shule: tafuta ya pili utakayompeleka mtoto akionewa kwenye ile ya kwanza. Kama ya pili ina wanafunzi wale wale wa mtaa ule ule, ni moja.

Safari: angalia basi, treni au ndege ya mwisho ya siku, halafu iliyo kabla yake. Mji wenye safari moja tu kwa siku kwenda jijini utakufanya ulale hotelini mara nyingi kuliko unavyodhani, hasa kama wazazi wako wamezeeka na wako mbali.

Watu

Jijini unaweza kuanza upya bila kuhama nyumba. Ukichoka na kundi lako, kuna jingine. Mji wa kati hauna huruma hiyo: fundi, mwalimu wa mtoto na mtu uliyemsukuma kwenye foleni ya benki wanaweza kuwa familia moja. Mwenye fani inayohitaji siri, au maisha yasiyofanana na ya wengi, alipime hili kwa uzito wa juu kuliko pango.

Upande wa pili ni kwamba urafiki unataka saa. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria mwaka 2018 kwamba inachukua kama saa 50 za kuwa pamoja mtu atoke kuwa wa kujuana tu awe rafiki wa kawaida, na zaidi ya saa 200 awe rafiki wa karibu. Zile saa 40 za mwezi zinakuja hapa. Kwa miezi mitano ni saa 200, yaani rafiki mmoja wa karibu aliyekuwa amekwama barabarani. Lakini hajitokezi mwenyewe. Mwaka wa kwanza saa zangu nilizilalia, na jioni zilikuwa kimya kiasi cha kusikia jokofu la jirani.

Kujaribu kabla ya kuamua

Usiende kutembea siku za sikukuu, mji wowote unapendeza. Nenda Jumanne ya kawaida, ukae hadi Ijumaa. Saa moja asubuhi simama kwenye kituo utakachopandia basi, na saa mkononi, ufanye safari yenyewe. Usiku piga simu ya huduma ya intaneti ujifanye mteja. Ingia duka la dawa uulize dawa mnayotumia nyumbani ipo, na ikiisha inachukua siku ngapi kuja. Mwisho tafuta mtu aliyehamia huko akaondoka. Wanaobaki watakusifia mji, kwa sababu wanajisifia uamuzi wao. Mimi pia nimo.

Kama una nyumba jijini, usiiuze mwaka wa kwanza. Bei za majiji makubwa zina tabia ya kukimbia ukiwa umegeuka nyuma, na aliyeuza hujikuta hawezi kurudi hata akitaka. Hicho ndicho cha pili kikubwa kuliko vyote: mlango wa kurudia.

Sisi tuliipangisha. Mwezi wa 11 mpangaji alipiga simu akitaka kuongezewa mwaka. Mwenzangu, aliyekuwa ameshaajiriwa na yule shemeji na kumpenda kuliko alivyotegemea, alilitoa lile daftari kwenye droo akafungua ukurasa wenye mstari, ambao tulikuwa tumeendelea kuuandikia vya pili vya kila aina, si vya kazi tu. Upande wa kulia ulikuwa umejaa kiasi, kwa wino wa rangi tofauti tofauti. Akapitisha kidole hadi kwenye mstari wa daktari wa masikio, ambao bado ulikuwa mtupu, akaniangalia. Tukamwambia mpangaji miezi sita. Hadi leo tunamwongezea sita sita.